Kabla Hujakopa Makochi, Muulize Bibi Yako Viti Vyake Viko Wapi



Mfunguo Mosi umeingia na kadi za harusi zimeanza kugonga milango. Kwangu mimi, ninayeshona mapazia na foronya za makochi, huu ndio wakati simu inapojaa picha. Na mwaka huu picha karibu zote ni za aina moja. Kochi la rangi ya haradali au la kijivu, halina nakshi, halina dhahabu, limesimama juu ya miguu ya mbao myembamba iliyochongoka kwenda chini. Pembeni meza ndogo ya duara, taa ndefu ya kusimama, na kabati refu la chini lenye milango ya kusukuma. Biharusi ananisogezea simu na kuniambia, "Dada, mie nataka midsenchuri."

Namuuliza ataipata wapi. Ananitajia duka, au mtu anayeagizia kutoka Dubai, kisha ananitajia bei. Hapo ndipo moyo wangu unaposhuka, kwa sababu pesa hizo najua zinatoka wapi. Ni mahari yake yote, na mchezo wa mama yake, na deni juu yake.

Leo nataka niseme rai yangu waziwazi, na anayenipinga karibu tuzungumze. Mtindo huu naupenda, na naamini unatufaa sisi watu wa visiwani kuliko yale makochi ya dhahabu tuliyokuwa tukigombania. Lakini tunaununua vibaya. Tunakopa ili tununue kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani, kimewekwa stoo, juu yake kumerundikwa masufuria ya shughuli.

Mtindo wenyewe umetoka wapi

Jina lake maana yake ni usasa wa katikati ya karne, yaani karne ya 20. Ni samani na nyumba zilizobuniwa tangu vita vikuu vya pili vilipomalizika mwaka 1945 hadi mwisho wa miaka ya 1960, hasa Marekani na nchi za kaskazini ya Ulaya kama Denmark, Sweden na Finland. Wenyewe wakati ule hawakuliita jina hilo. Jina lilienea baada ya mwandishi mmoja wa Marekani, Cara Greenberg, kulitumia katika kitabu chake cha mwaka 1984.

Watu walikuwa wametoka vitani. Nyumba mpya zilikuwa ndogo, familia ni changa, pesa hazipo. Walitaka viti vyepesi, madhubuti, visivyokula nafasi. Charles Eames na mkewe Ray, kule California, walijifunza kupinda mbao za plaiwudi kwa joto na gundi. Wakati wa vita ujuzi huo waliutumia kutengeneza magango ya miguu ya majeruhi wa jeshi la majini la Marekani, na vita vilipokwisha wakautumia kutengeneza viti. Denmark alikuwepo Hans Wegner, ambaye ufundi seremala aliuanza tangu kijana. Mwaka 1949 alibuni kiti cha mbao ambacho mpaka leo kinatengenezwa, na kikalio chake kinasukwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi, zaidi ya mita 100 kwa kiti kimoja. Mimi nilipoiona kazi ile kwenye video niliwakumbuka mafundi wetu wanaowamba vitanda vya kamba. Ni mkono ule ule na subira ile ile.

Mbao waliyoipenda sana wale Wadenmark ilikuwa msaji, ile ambayo bara wanaiita mtiki. Waliitoa Asia. Msaji sisi si mgeni kwetu. Mababu zetu wameujua tangu zama za majahazi, na leo unapandwa Tanzania hii hii, Muheza mkoani Tanga, na Morogoro.

Kwa hiyo kumbukeni asili yake: ulikuwa ni mtindo wa kurahisisha maisha ya mtu mwenye nyumba ndogo. Baadaye ukageuka. Vile viti halisi sasa vinauzwa maelfu ya dola kwa kimoja, na sisi tunauziwa nakala ya nakala, nje inang'aa, ndani ni mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi.

Na sisi tulikuwa navyo

Tazama albamu ya harusi ya bibi yako au mama yako mkubwa. Nyuma ya biharusi utaona makochi ya fremu ya mbao, mikono imelala bapa, miguu imetanuka kidogo, juu yake mito ya kuvua, wa kukalia na wa kuegemea. Ndiyo hiyo midsenchuri unayonionesha kwenye simu! Mafundi wetu walikuwa wakizitengeneza, na ndizo zilizoingia katika nyumba nyingi za mjini, hata katika majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Vyumba vile si vikubwa. Kochi lile jepesi lilikuwa likipandishwa ngazi na vijana wawili tu.

Kisha tukaviona vya kizamani. Tukavitoa barazani, vikanyeshewa, tukaleta makochi mazito mpaka mlango unang'olewa ndiyo yapite.

Nami nimo. Nilipoolewa nilinunua seti ya makochi saba, ya rangi ya maziwa na nakshi za dhahabu, kwa mkopo. Nilitaka siku ya kupeleka vyombo watu wayaone, na waliyaona. Masika ya kwanza yalianza kunuka kuvu. Masika ya pili sehemu ya chini ilifura, maana ndani hakukuwa na mbao ya kweli, na mguu mmoja ukachomoka wakati mgeni amekaa. Niliaibika mpaka leo nikikumbuka nafumba macho. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba makochi yalitolewa nje, na mimi deni nikaendelea kulilipa karibu mwaka mzima. Kila mwezi nalipia kitu ambacho hakipo. Mume wangu hakunisema. Kunyamaza kwake ndiko kulikonisema.

Wakati huo huo bibi yangu alikuwa na viti vinne vya msaji nyuma ya nyumba, anaanikia mikarafuu na viatu vya watoto. Nikamuomba. Akaniambia, "Chukua, mwanangu, mie nilidhani nyinyi hamvitaki." Fundi alivipiga msasa, akakaza viungo, nami nikashona mito mipya. Viti hivyo ndivyo vilivyo ukumbini kwangu mpaka sasa. Wateja wakija wananiuliza nimeviagiza wapi.

Kwa nini vinatufaa

La kwanza ni tahara, na hili sijaona mtu akilizungumza. Mwenye watoto wadogo anajua. Mtoto akikojoa kwenye kochi zima lililoshonewa kitambaa moja kwa moja, utafanya nini? Utapangusa, utapuliza marashi, na moyo wako hautulii, maana najisi imeshuka mpaka ndani ya sponji. Kochi la mito ya kuvua, unafungua zipu, unatoa foronya, unaiosha kwa maji yanayopita, na sponji unaisuuza na kuianika juani. Unakaa ukijua umekaa pasafi.

La pili ni hewa. Kisiwa chetu kina unyevu mwaka mzima. Samani iliyokaa juu ya miguu, hewa inapita chini yake, ufagio unapita, dekio linapita, na mchwa akianza kupanda unamuona mapema. Kochi lililolala chini limeficha kila kitu, panya ndani yake.

La tatu ni nafasi. Nyumba zetu hazina ukumbi mmoja wa kazi moja. Leo ni pa kukaa, kesho kuna hitma mnatandika mikeka, na kila siku mara tano kuna mtu anatandika mswala. Nimeingia nyumba ambazo makochi yamejaa ukuta hadi ukuta, na mwenye nyumba anasali kwenye ujia baina ya meza na televisheni, akisujudu kichwa kinagusa mguu wa meza. Tumempa mgeni wa mara moja kwa mwezi nafasi yote, na sala tumeibakishia ujia. Viti vyepesi unavibeba peke yako, unavisogeza, ukumbi unarudi kuwa wako.

Na la nne ni kuwa havina mambo mengi. Sisemi kupamba ni vibaya. Katika Suratul Aaraf Mwenyezi Mungu ametuhimiza tujipambe, akatuhimiza tule na tunywe, kisha akatukataza israfu. Vyote viwili vimo pamoja, tusichukue kimoja tukaacha kingine. Na Suratun Nahl inatukumbusha kwamba nyumba tumefanyiwa ziwe mahali pa utulivu. Nyumba ambayo kila ukiingia unakumbuka deni, hiyo utulivu wake uko wapi?

Lakini tusichukue kila kitu

Mtindo huu umetoka kwa watu wenye maisha yao, na si kila walichofanya kinatufaa.

Walipenda kuta za vioo na nyumba zisizo na vizuizi, jiko na ukumbi na chumba vinaonana. Dada zangu, hapa tuwe makini. Hata kwao lilileta ugomvi. Katika jimbo la Illinois, Marekani, kuna nyumba mashuhuri ya vioo vitupu iliyokamilika mwaka 1951, iliyobuniwa na Mies van der Rohe kwa ajili ya daktari mwanamke, Edith Farnsworth. Wasanifu wa dunia nzima wanaisifu. Mwenyewe aliyeishi ndani alilalamika kuwa haina faragha, na yeye na msanifu wake walifikishana mahakamani kwa sababu ya gharama. Huyo si Muislamu wala hakuwa akivaa mtandio, na bado alitaka kustirika ndani mwake. Basi sisi ambao stara ni dini yetu, tusivunje ukuta wa jiko kwa sababu ya picha ya kwenye simu. Chukua kiti, uache ukuta. Mgeni mwanamume akae ukumbini, nawe upite jikoni kichwa wazi bila ya wasiwasi.

Pili, picha. Mapambo ya mtindo huu mara nyingi yana sanamu za wanyama na sura za watu ukutani. Tunajua Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alivyochukizwa na pazia lenye picha nyumbani kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Na tunajua Bibi Aisha alifanya nini: alilikata akashona mito. Kila nikisoma kisa hicho nafurahi kama mshoni. Pazia halikutupwa, lilibadilishwa likatumika. Sisi tuna mapambo tele yasiyo na viumbe, maumbo ya nyota na pembe na majani, na yanakaa vizuri sana na viti hivi vya mistari minyoofu.

Tatu, kile kitoroli cha chupa. Katika picha hizo hakikosekani, kimepangwa vilevi na glasi. Kitoroli chenyewe hakina kosa. Weka birika la kahawa, vikombe, kisahani cha halua na chetezo. Mgeni wako atakusifu.

Nne, urefu. Viti vingi vya mtindo huu vimekaa chini, kikalio kiko inchi 15 au 16 kutoka sakafuni. Mama mkwe mwenye magoti hataweza kunyanyuka, na kumvutavuta mkono mtu mzima mbele ya watu si adabu. Mwambie fundi angalau viti viwili vifike inchi 18 pamoja na mto.

Ukitaka kuanza

Nenda kwanza kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo wa shamba. Uliza. Ukikipata kiti, kigeuze chini juu uangalie miguu. Bonyeza kwa ukucha. Ukiona unga mwembamba unamwagika, kuna bungua, mwite fundi akione kabla hukijakiingiza ndani. Kiti kinachoyumba si kibovu, viungo tu vimelegea.

Kama havipo, mpelekee fundi seremala wa mtaani picha na vipimo. Si picha peke yake, maana picha haina inchi. Mbao nzuri ni msaji, mninga, na hata mfenesi na mwembe wetu. Sharti moja: iwe imekauka. Mbao mbichi itapinda kabla hujamaliza fungate. Miguu ya chuma iepuke, hasa ukikaa karibu na pwani, kutu haitakusubiri.

Sponji iwe ngumu, unene wa inchi nne au tano. Laini ile unayozama ndani, baada ya miezi michache unakaa juu ya mbao. Kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, mita moja inakutosha mto mmoja wa kukalia, na inabakia kidogo. Seti ya watu watano, mito kumi, nunua mita kumi. Kifue kwanza kabla ya kukata, kirudi kinavyotaka kurudi, na zipu iwekwe nyuma, ndefu, ili foronya itoke bila ya vita. Nunua cha kutosha foronya mbili kwa kila mto ukiweza, moja iko kwenye kamba na moja iko kwenye kochi.

Kikoi kinapendeza sana hapa, mistari yake imekaa kama iliyobuniwa kwa viti hivi. Khanga nawatahadharisha. Nimeletewa khanga mara nyingi nishone mito ya kukalia, na khanga ina jina. Mengine yana jina la Mwenyezi Mungu au dua ndani yake. Hiyo si ya kukaliwa. Soma kabla hujaikata.

Neno la mwisho, kuhusu mahari

Hili ndilo lililonifanya niandike. Mahari ni haki ya mwanamke, Mwenyezi Mungu amelisema katika Suratun Nisaa. Ni yake yeye, si ya makochi. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanatufundisha kuwa makazi na mahitaji yake ni juu ya mume kwa kadiri ya uwezo wake. Sisi kwa mila tumefanya mahari ya binti iishie kwenye kitanda, kabati na makochi, kisha tukaona haitoshi tukaongeza deni, ili siku ya kupeleka vyombo majirani wahesabu. Majirani wakishahesabu wanarudi kwao. Binti anabaki na chipbodi inayofura, na mkononi hana hata pete ya kuuza siku ya dhiki.

Mama zetu, nyinyi ndio wenye nguvu hapa kuliko biharusi. Mkisema nyinyi kuwa viti vya bibi vinatosha, nani atacheka? Mpeni binti viti alivyokaliwa babu yake, vimepigwa msasa, vina mito mipya, na mahari yake aiweke. Anunue dhahabu kidogo, au cherehani, au friji la kuuzia barafu na juisi. Mtaji huo ndio utakaomsimamisha.

Wiki iliyopita alinijia biharusi mmoja na mama yake. Binti kanionesha picha ile ile ya kochi la haradali. Mama akaichukua simu, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hivi si viti vya marehemu mama? Vile vilivyo kwa mjomba wako?" Wakatazamana, wakaanza kucheka. Kesho yake niliwapimia mito saba. Rangi amechagua haradali.

Allah awape maharusi wetu wote nyumba zenye mapenzi na huruma, atuepushe na fakhari na madeni, na atujaalie tutosheke na alichoturuzuku. Amin.

Wabillahi tawfiq.